Saa Tatu Kama Ilivyoandikwa

Bwana Familia hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na akina mama wa chumba cha kushonea, siku ya kwanza alipofika kiwandani, baada ya kulitamka neno "familia" mara kumi na nne katika hotuba ya dakika ishirini. Kuna aliyehesabu. Alipanda juu ya meza ya kukatia mablanketi na viatu vyake vinavyong'aa, akasema makampuni mawili yameungana, hakuna tena wenyeji wala wageni, sote sasa ni familia moja. Akapigiwa makofi ya adabu, akateremka. Wiki hiyohiyo kila mfanyakazi wa kampuni ya zamani akapewa barua ya kumtaka aombe upya kazi aliyokuwa akiifanya. Wale waliokuja na Bwana Familia hawakupewa barua yoyote. Basi kama ile ni familia, ilikuwa ya baba wa kambo.

Mama Mapacha aliyasikia yote hayo kutoka mapokezi, alipokaa miaka kumi na tisa akipokea simu. Wakati huo wote hakuna mgonjwa, harusi wala msiba uliompita sikioni kabla haujafika kwa mwenyewe. Mtoto wa mfumaji akipata homa shuleni, simu ilikuja kwa Mama Mapacha, naye aliinuka mwenyewe akaenda hadi kwenye mashine, akamgusa mtu bega, kwa sababu habari ya mtoto haitangazwi kwenye kipaza sauti. Saa nne asubuhi chai ilinywewa na wote kwenye benchi moja refu, meneja wa zamani akiwa katikati ya wapiga rangi, suruali yake ikipata madoa ya buluu ambayo mkewe aliyalalamikia mpaka wakazeeka.

Muungano ulikuja na mambo yake. Benchi likaondolewa, zikaletwa meza ndogondogo, na kufumba na kufumbua wa zamani wakawa wanakaa upande wa dirishani na wa kuja upande wa mlangoni. Watu wakaanza kunong'ona. Fulana zikagawiwa zenye maandishi kifuani: SAA MOJA, FAMILIA MOJA. Mlinzi wa lango, mtu asiyejua kunyamaza, alipopewa ya kwake aliigeuza mbele nyuma, akauliza, "Saa moja hii ni ya asubuhi au ya jioni? Maana mimi zamu yangu inaanza saa mbili." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bwana Familia hakucheka.

Hakucheka kwa sababu hilo la saa ndilo lilikuwa jambo lake hasa, lilimkaa rohoni kama dini. Huko alikotoka, saa ilisomwa kama mshale unavyoonyesha. Mshale ukiwa kwenye tisa ni saa tisa, hata kama watu ndiyo kwanza wanaamka na kupiga miswaki. Tena hakutaka kuandika asubuhi wala mchana. Ofisi, alisema, hufunguliwa kwenye nane na kufungwa kwenye tano, hakuna tarakimu inayojirudia, kwa hiyo maneno hayo ni mzigo. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kilichomponyoka ni kwamba watu mia mbili pale walizaliwa wakaambiwa saa tatu ni saa ya jua kuanza kukolea, na mtu habadilishwi saa aliyonyonya kwa tangazo la ukutani.

Ndipo ilipokuja barua ya Baba Mapacha.

Baba Mapacha, mume wa Mama Mapacha, alikuwa fundi wa boila. Miaka ishirini na saba alilisikiliza dubwana lile la chuma likipumua, na alijua kwa sikio tu kama mvuke umezidi au umepungua, kabla sindano haijasogea. Barua ilisema atahojiwa Jumanne, saa 9:00. Mama Mapacha ndiye aliyemsomea, maana miwani ya mzee ilikuwa imevunjika mkono.

"Saa tisa," alisema. "Tena vizuri, baba. Utakula kwanza, utapumzika, utaenda umetulia."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuja kumkwama kooni miezi minne mizima. Aliyasema yeye, kwa mdomo wake, tena kwa furaha.

Jumanne boila lilikuwa limezimwa kusafishwa, Baba Mapacha akawa nyumbani. Wengine waliokosea saa walikuwepo kiwandani, wakaitwa kutoka kwenye mashine zao, wakahojiwa na mikono ina rangi. Yeye aliitwa kwa jina mara moja kwenye korido, kimya, wakaandika. Mama Mapacha alikuwa hatua ishirini kutoka kwenye chumba hicho, simu tatu mbele yake, na hakuna aliyemwambia, hebu mpigie mumeo. Saa nane na nusu mchana Baba Mapacha akaingia langoni na suti yake ya harusi, ile ya rangi ya majivu, viatu vimepigwa kiwi, nusu saa kabla ya wakati kama kawaida yake. Alisimama kwenye korido na bahasha ya vyeti kifuani. Bwana Familia alitoka chumbani, akamtazama kuanzia juu hadi chini, akatabasamu.

"Mzee, saa tisa ya wapi? Hii ni kampuni, siyo nyumbani kwako."

Mama Mapacha alikuja mbio kutoka mapokezi. Alimwomba, alimsihi, karibu apige magoti. Akasema kosa ni lake yeye, ndiye aliyesoma. Akauliza kwa nini hawakumwambia apige simu, ni dakika moja tu.

"Kampuni haimpigii mtu simu kumkumbusha kazi yake," alisema Bwana Familia.

Kwenye karatasi ya Baba Mapacha liliandikwa neno moja: hakuhudhuria. Boila akapewa mtu aliyekuja na muungano, kijana mwenye cheti kizuri na masikio ya mapambo.

Tangu siku hiyo Baba Mapacha aliamka alfajiri kama kawaida, akaoga, akavaa, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha akisubiri king'ora cha kiwanda, na kikilia alifumba macho. Saa ya ukutani aliitoa betri. Hakusema kwa nini. Alimlaumu nani, hilo pia hakusema, na hapo ndipo palipomuua mkewe. Angemgombeza angalau angepumua.

Mama Mapacha alirudi kazini akiwa na jambo moja kichwani: hakuna mtu mwingine atakayepotea kwa sababu ya tarakimu. Kila kikaratasi cha ujumbe alichoandika akaongeza neno la asubuhi au mchana. Siku ya nne alipata barua ya onyo yenye mhuri. Ilisema hivi: "Karani wa simu ataandika saa kama alivyoambiwa na mpigaji, kwa tarakimu tu, bila kufasiri. Maneno asubuhi, mchana na jioni ni marufuku. Ujumbe utawekwa kwenye kisanduku cha mhusika. Karani hatatoka mapokezi kumfuata mtu."

Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba, nayo ikakaa humo pamoja na picha za mapacha wake.

Hapo sasa sikiliza ujinga wa mtu anayejiona mjanja. Wapigaji simu, wateja, wauza nyuzi, madereva, wote walisema saa kama binadamu wanavyosema. "Mzigo utafika saa nne." Kama Mama Mapacha angeandika 4:00 kama alivyoambiwa, malori yangesubiri getini toka asubuhi hadi alasiri bila mtu wa kushusha. Kwa hiyo hakuandika alivyoambiwa. Aliambiwa nne, akaandika 10:00. Aliambiwa nane, akaandika 2:00. Kila siku, mara arobaini, mara hamsini, alivunja amri ya barua ile kichwani mwake kimyakimya, na kiwanda kikaenda. Bwana Familia akapita mapokezi huku kifua kimemtoka, akawaambia wageni wake, "Mnaona? Mwanzoni walilalamika. Sasa saa zetu zimewaingia."

Mama Mapacha alimeza. Alijua kumeza.

Jumatano moja, mara tu baada ya chakula cha mchana, simu ya makao makuu ikalia. Alikuwa katibu wa mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ya ukarimu, ambaye walikuwa wamezoeana kwa simu bila kuonana.

"Mama Mapacha, hujambo? Nyumbani?"

"Sijambo, dada. Wote salama."

"Haya, nina haraka. Yule bosi wako na mwenzake wa tawi la pili walikuwa wahojiwe wiki ijayo kile cheo cha ukurugenzi. Mwenyekiti amepata safari. Tumeisogeza kesho, hapa makao makuu. Mwenzake saa mbili, yeye saa tatu asubuhi. Barua haitawahi, na simu yake ya mkononi kila nikipiga imezimwa."

"Anaizima saa za kazi, dada. Ni amri yake, anatuonyesha mfano."

"Basi mwambie wewe. Saa tatu kamili, asichelewe. Mwenyekiti hana subira."

"Nitaandika," alisema Mama Mapacha.

Aliweka simu chini. Akavuta kikaratasi, akashika kalamu, na mkono wenyewe kwa mazoea ukaanza kuchora mzunguko wa tisa. Akausimamisha. Alibaki ameutazama ule mkono. Kisha akakichana kikaratasi hicho, akavuta kingine, akafungua mkoba na kuisoma barua ya onyo tangu mwanzo hadi kwenye mhuri. Ataandika saa kama alivyoambiwa. Kwa tarakimu tu. Bila kufasiri.

Akaandika: "Mahojiano ya ukurugenzi. Makao makuu. Kesho, saa 3:00."

Akasikia ile raha ya mtu aliyekuwa na mwiba mguuni miezi minne, leo ameushika kichwa chake kwa kucha mbili.

Bwana Familia alikikuta kisandukuni saa kumi. Alikisoma akiwa amesimama mbele yake, uso ukamchanua.

"Kesho! Tatu, mchana. Safi kabisa, nitapata asubuhi nzima ya kujiandaa." Akakipunga kikaratasi hewani. "Unaona, Karani? Siku, mahali, saa. Hakuna haja ya maneno mengi."

"Naona, bosi."

Hapo angeweza kumwambia. Tusimpambe, aliliwaza. Neno moja tu, lilimfika kwenye meno. Mtu ni mtu, na huyu naye pengine ana mama mahali fulani anayemwombea. Alikuwa amefungua mdomo wakati Bwana Familia alipogeuka mlangoni.

"Mumeo hajambo? Mwambie asinung'unike. Wazee nao wanahitaji kupumzika, bwana." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshiba. "Nikiupata huu ukurugenzi, hata hapa mapokezi tutaweka mashine ya kujibu. Nawe upumzike."

Mama Mapacha akafunga mdomo. Kuanzia hapo haukufunguka tena kwa jambo hilo.

Jioni alimkuta mumewe kitini palepale. Alimpakulia, wakala, wakaongelea bomba la jirani lililopasuka. Hakumwambia kitu. Alichelea asije akamhurumia yule mtu, kwa sababu Baba Mapacha alikuwa na moyo wa aina hiyo, na yeye siku hiyo hakutaka kuombwa huruma na mtu yeyote.

Alhamisi Bwana Familia alifika mapema, suti mpya ya buluu, tai nyekundu, harufu ya manukato ikimtangulia hatua tano. Akasimama mapokezi.

"Karani, asubuhi hii nafanya mazoezi ya hotuba yangu. Nisisumbuliwe na mtu yeyote. Hata awe nani. Umenielewa?"

"Hata awe nani," alirudia Mama Mapacha.

"Kabisa."

Mlango ukafungwa. Sauti yake ikasikika kwa mbali ikipanda na kushuka, na kila baada ya muda neno lilelile, familia, familia. Mlinzi wa lango alisogea dirishani pa mapokezi akauliza kama bosi anaswali. "Anaswali," alijibu Mama Mapacha.

Saa tatu na dakika tano simu ikalia.

"Mama Mapacha, vipi, bosi wako yuko njiani? Wajumbe wameshakaa."

"Yuko ofisini kwake, dada."

"Ofisini? Anafanya nini ofisini? Hebu niunganishe naye."

"Amesema asisumbuliwe na mtu yeyote. Hata awe nani."

Sauti ya katibu ikashuka. "Amesema hivyo? Ujumbe wangu aliupata?"

"Aliupata jana mkononi mwake, akausoma mbele yangu, akafurahi sana."

"Mama yangu," alisema katibu. Akasikika akimgeukia mtu, akiyarudia maneno yale moja moja, asisumbuliwe, hata awe nani, na sauti nzito ya mwanamke ikajibu kitu kifupi huko nyuma.

Mama Mapacha aliandika kikaratasi: "Makao makuu wanakuuliza. Saa 3:05." Akakiweka kwenye kisanduku cha mhusika, kama barua ilivyoagiza. Hakutoka mapokezi. Saa tatu na robo simu ililia tena, akaandika kingine. Saa tatu na nusu ikalia mara ya mwisho.

"Wameshafunga, mama. Mwenzake wa tawi la pili amekipata. Huyu wako wamemwandikia neno moja tu."

"Neno gani, dada?"

"Hakuhudhuria."

"Sikusikia vizuri. Simu inakoroma."

"Ha-ku-hu-dhu-ri-a."

"Ahsante," alisema Mama Mapacha. Simu haikuwa ikikoroma hata kidogo. Alitaka tu kulisikia mara mbili.

Saa nane mchana Bwana Familia alitoka ofisini, akavifunga vifungo vya koti mbele ya kioo cha mapokezi, kimoja, cha pili, akajigeuza ubavu, akajipenda. Kisandukuni hakutazama. Akapanda gari akaondoka, na Mama Mapacha akamfuata kwa macho mpaka lango likafungwa.

Alirudi saa kumi na robo, wakati wa kubadilishana zamu, watu wamejaa mapokezi wakitoka na kuingia. Tai ilikuwa imelegea. Mkononi alikuwa na kikaratasi kimekunjika kama kilichotafunwa.

"Uliambiwa saa ngapi?" aliuliza. Sauti haikuwa ya hotuba.

"Saa tatu asubuhi, bosi."

"Asubuhi! Asubuhi! Sasa kwa nini hukuandika asubuhi?"

Watu wakasimama. Wa dirishani na wa mlangoni, wote wakawa kitu kimoja kwa mara ya kwanza tangu muungano. Mama Mapacha akafungua mkoba, akaitoa barua, akaikunjua mara nne bila haraka. Akaisoma kwa ile sauti yake ya simu, iliyo wazi na yenye adabu, kila neno likikaa mahali pake. Alipofika kwenye "marufuku" mlinzi wa lango akasema "Eeh!" kama mtu aliye kwenye hadithi.

"Umefanya makusudi," alisema Bwana Familia.

"Nimefanya kama ulivyoandika."

"Miezi yote hii uliandika sawa! Hakuna hata siku moja—"

"Miezi yote hii nilikuwa naivunja amri yako, bosi. Kila siku, kila simu. Ndiyo maana mambo yalikwenda. Nimeitii siku moja tu, ya jana."

Macho yakamwenda kwenye kisanduku, akaona vikaratasi viwili vimelala humo.

"Walipopiga... ungeniita. Ungegonga mlango. Ni dakika moja tu!"

Mama Mapacha alikuwa ameyasubiri maneno hayo. Hata yeye hakujua kama yangekuja yenyewe, tena vilevile alivyoyasema yeye siku ile, karibu apige magoti. Akaikunja barua, akairudisha kwenye picha za wanawe.

"Kampuni haimpigii mtu simu kumkumbusha kazi yake," alisema.

Hakuna aliyecheka. Walimtazama tu yule mtu na suti yake ya buluu, amesimama hatua chache tu kutoka korido ileile, mpaka akaona hana la kufanya ila kuingia ofisini na kufunga mlango.

Mama Mapacha alijua barua nyingine itakuja, na pengine hiyo ingekuwa ya mwisho. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani kwa miguu, na njia nzima hakujisikia vibaya. Alijipeleleza moyoni, akatafuta hata chembe ya majuto, hakuona.

Baba Mapacha alimsikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Kisha akauliza jambo moja.

"Alivaa suti?"

"Mpya. Ya buluu. Alivifunga vifungo kwenye kioo."

Mzee aliinamisha kichwa. Mkewe akafikiri, hayo sasa, anamhurumia. Lakini mabega yalianza kutikisika, na kilichotoka kilikuwa kicheko, kibovu, chenye kutu, cha miezi minne, mpaka machozi yakamtoka na akashindwa kuyafuta. Boila halikurudi kwa kicheko hicho, na wote wawili walilijua hilo.

"Nisimulie tena," alisema. "Anzia pale alipokifurahia kile kikaratasi."

Akamsimulia tena. Alipomaliza, Baba Mapacha aliinuka, akaishusha saa ya ukutani, akapapasa kabatini hadi akaipata betri, akaitia. Akashika kile kigurudumu cha nyuma.

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Za nani?"

"Zetu," alisema mkewe, na mzee akauzungusha mshale.